Gogo la Shukawote

Makere, Jumapili jioni

Editha mwanangu,

Sikuulizi hujambo, maana sauti yako naisikia hapo kwa jirani, unaaga huku unacheka, na mdogo wako Yosia amekudandia mgongoni kama kawaida yake. Mimi niko jikoni. Nilikwambia nachambua maharage. Maharage hayo hapo kwenye ungo, sijayagusa. Naandika.

Kwanza hili: kesho asubuhi usinitafute kituoni. Basi la Kibondo likija hutaniona. Mama Furaha atakusindikiza na sanduku lako, na Yosia atalala kwake mpaka nirudi. Usinune. Usiseme mama ameona aibu kulia mbele za watu. Soma mpaka mwisho utajua niko wapi.

Mambo ya sabuni, ya kufua, ya kutoazimisha nguo zako, hayo siyaandiki. Umeyasikia mpaka masikio yamechoka. Na mambo ya sekondari mimi siyajui, shule yangu iliishia la saba na sijawahi kulala bweni hata siku moja. Ninachokijua vizuri ni basi moja na mlima mmoja. Hicho ndicho nilicho nacho cha kukupa, pamoja na hasira, maana hiyo ninayo ya kugawa. Tangu ulipoleta habari kwamba shule inafunguliwa, wiki nzima naamka nimekunja ngumi. Umeniona nilivyomfokea Yosia kwa ajili ya kikombe, mpaka ukaniuliza, "Mama, kwani kimevunjika?" Hakikuvunjika. Haikuwa kikombe.

Ni kwamba ili ukasome, lazima nikupandishe Chotara.

Wewe ulikuwa mdogo lilipoanza, kwa hiyo unalijua kama watoto wanavyojua vitu, kwa rangi na kelele. Acha nikueleze. Tajiri wa Kasulu alikuwa na lori kuukuu lililochoka kubeba mahindi. Akaita mafundi wa kuchomelea, wakang'oa bodi yote ya nyuma, wakasimamisha mabomba, wakazungusha bati, wakatoboa madirisha, wakaweka viti, ngazi ya nyuma na keria ya mizigo juu. Juu basi, chini lori. Siku lilipopita hapa mara ya kwanza watu walisimama wakalitazama, wakasema, hili mama yake basi, baba yake lori, hili ni chotara. Jina likashika. Hata Tajiri mwenyewe akaliita hivyo.

Na tulilipenda, nisikudanganye. Kabla yake, ukitaka kwenda Kibondo unakaa juu ya magunia unapigwa vumbi na mvua, au unakwenda kwa miguu. Chotara lilikuwa na paa. Lilikuwa na kiti. Mimi nilipolikalia mara ya kwanza na wewe mapajani nilijiona nimekuwa mtu.

Ila mlima. Ule mlima una jina lake la zamani kwa Kiha, wazee wanalijua. Sisi tunauita Shukawote kwa sababu ya kelele za konda. Chotara likifika chini pale linaanza kukohoa, linatetemeka, moshi unajaa ndani, na konda anapiga bati kwa kiganja: "Shuka wote! Shuka wote! Mwenye mtoto mchanga abaki, mwenye mimba abaki, vikongwe wabaki! Wewe mzee hujawa kikongwe, shuka!"

Alikuwapo mzee mmoja wa Titye, muuza tumbaku, kila safari anagoma.

"Nimelipa nauli nipelekwe. Kama ni kutembea ningeanzia nyumbani kwangu."

"Kaa basi, mzee. Ila likirudi nyuma, wewe utakuwa wa kwanza kufika Kasulu."

Watu wanacheka, mzee anashuka ananung'unika, anavua viatu vyake na kuvitia kwapani ili asivimalize kwa mlima wa mtu mwingine.

Na nyuma ya basi anatembea baba yako Simoni na gogo.

Nataka uone vizuri kazi yake, maana watu wanaisema kama vile ilikuwa kazi ya mjinga. Gogo lenyewe unalijua, ndilo hilo unalokalia ukisonga ugali. Kipande cha mti mgumu, kimechongwa mshazari upande mmoja, kina tundu na kamba ya kulivutia. Chotara likipanda, Simoni anatembea ubavuni mwa gurudumu la nyuma. Likishindwa, Madaraka dereva anapiga kelele, "Simoni, weka!" Anaweka. Gurudumu linakaa juu ya gogo, basi haliendi nyuma, injini inapumzika, halafu linaanza tena hatua chache, "Simoni, weka!" Hivyo hivyo mpaka juu. Wote waliobaki ndani, wajawazito na vichanga na vikongwe, roho zao ziko chini ya mkono wa mtu mmoja anayetembea kwenye matope.

Wewe ulikuwa hutaki kubaki ndani. Nakushika, unalia unamtaka baba. Mwishowe anasema, "Mwache aje." Anakupa ncha ya kamba uishike, na wewe unatembea umekaza mdomo, umetoa macho, unajua kabisa kwamba ukiachia ile kamba basi litaanguka na watu wote. Ulikuwa na gauni la njano lililokatika mkono. Nikifumba macho nakuona.

Juu kabisa basi linasimama. Akina mama wa viazi wanakuja na mabeseni yao, abiria waliochoka kupanda wananunua, wanaume wanapotea vichakani, watoto wanakunywa maji. Sisi tulidhani tunapumzika tu. Kumbe baba yako yuko chini ya gari. Breki za lile lori zilikuwa za upepo, na kwa kule kusimama na kuondoka, kusimama na kuondoka, upepo unakuwa umeisha. Injini lazima ingurume mahali pamoja mpaka ujae tena. Simoni anasikiliza. Konda anachoka, "Twende bwana!" Simoni habanduki. Anamwambia Madaraka, "Kanyaga." Madaraka anakanyaga breki, Simoni anatazama. "Kanyaga tena." Halafu anasema, "Sasa. Na gia ile ile uliyopandia, ndiyo ushukie." Ndipo tunapanda wote, na basi linateremka ule upande wa Kibondo taratibu, linalia kama ng'ombe, na sisi ndani tunalicheka kwa uzembe wake.

Uzembe. Ndivyo tulivyoona. Gari zima kwa macho yetu lilikuwa ni pale linapopanda. Ndipo tulipochoka, ndipo tulipolowa, ndipo viatu vyetu vilipoisha. Kushuka kulikuwa ni kukaa na kula viazi.

Halafu kambi ikafunguliwa, malori ya wakimbizi yakaanza kupita usiku na mchana, barabara ikachimbika, na Shukawote pakawa pabaya zaidi. Siku moja nimepanda mlima huo nikitoka Kibondo, mvua inanyesha, Yosia mgongoni, yeye hakuwa mchanga tena kwa hiyo konda alinishusha, na begani nimebeba mkungu wa ndizi wa mama mmoja aliyekuwa anaumwa. Niliteleza mara mbili. Nilipofika Kasulu nimelowa, nimechafuka mpaka nywele, nikamkuta Tajiri stendi ameketi kwenye kiti kikavu. Sikumsalimu hata.

"Tajiri, tumechoka kulipeleka basi lako. Tunalipa nauli sisi, tunapanda mlima sisi. Weka injini ya kiume!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Abiria wote wakanizunguka, "Sema, Mama Editha! Sema!" Mimi sijawahi kushangiliwa hivyo maishani. Nikaendelea, nikasema mpaka sauti ikakauka. Tajiri akacheka akainua mikono, "Nimesikia. Mama Editha amesema."

Na aliweka kweli. Alitafuta injini ya lori kubwa zaidi, mafundi wakaisukumiza pale mbele mpaka boneti halikufungika vizuri, likafungwa kwa mpira. Siku ya kwanza Chotara lilipanda Shukawote bila mtu kushuka! Tuliimba kuanzia chini mpaka juu. Yule mzee wa tumbaku alivaa viatu vyake akavinyoosha mbele watu wavione. Tulifika juu tukapita bila kusimama, akina mama wa viazi wameinua mabeseni yao, tunawapungia mikono, nao wanabaki wanatutazama.

Jioni hiyo baba yako alikuja na gogo begani. Konda alikuwa amemwambia, "Peleka kwa mkeo akapikie." Hawakumfukuza, walimpandisha juu kwenye keria awe anapanga na kufunga mizigo. Mimi nilifurahi. Nikamwambia, sasa na wewe utasafiri kama binadamu. Akaliweka gogo hapo karibu na mafiga, akalikalia, anakunja na kukunjua kamba yake mpaka nikamuuliza ana nini.

"Chotara limepata kifua," akasema. "Miguu ni ile ile."

Nikamjibu, "Wewe Simoni, hata ukipewa wali utatafuta jiwe." Ndiyo, nilisema hivyo. Alicheka. Alikuwa mtu wa kucheka akisimangwa.

Sasa ile siku. Umeisikia kwa watu, kila mtu na lake. Isikie kwangu, mimi nilikuwamo.

Ilikuwa soko la Kibondo. Basi limejaa mpaka mlangoni, juu magunia ya maharage, baba yako na vijana wengine juu ya magunia. Injini ile mpya ilikuwa inakunywa dizeli kuliko ya zamani, lakini Tajiri alikuwa anampimia Madaraka dizeli ile ile ya zamani. Hilo sisi hatukulijua, au tulilijua hatukulijali. Madaraka akajifunza kutafuta dizeli yake kwenye mteremko. Akipita kilele anatia fri, yaani anaondoa gia, na kuzima injini, gari linateremka lenyewe kwa uzito wake, kimya, upepo mwanana madirishani. Tulikuwa tunakipenda kile kimya. Tulikuwa tunasema, leo tunaruka kama ndege.

Siku hiyo kabla hatujafika juu nikasikia paa linagongwa. Gong, gong, gong. Baba yako. Sijui aliona nini au alisikia nini kwa chini, yeye sikio lake lilikuwa kwenye yale magurudumu miaka mingi. Alikuwa anagonga kwa ngumi, alama ya kwamba simama. Madaraka akainua mguu kidogo, nilikuwa nyuma yake nikauona. Angesimama. Ila sisi ndani tukapiga kelele.

"Twende bwana, soko linaharibika!"

"Anataka viazi huyo!"

"Mwambieni gogo lake limeshakuwa kuni!"

Watu wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka, Editha. Nikasema kwa sauti, "Huyo mwacheni, ni mume wangu, amezoea kutembea." Kicheko kikazidi. Madaraka naye akacheka, tulipopita kilele akatia fri.

Aligonga tena. Aligonga mpaka chini kwenye kona.

Sikuelezi yote. Kwanza kile kimya chetu kizuri. Halafu miti inapita haraka. Madaraka anakanyaga, pumzi inatoka, fyuu, anakanyaga tena, fyuu ndogo, anakanyaga, hakuna kitu, mguu wake umefika sakafuni. Anawasha injini, inakohoa tu. Anatafuta gia, gia inasaga meno haiingii. Mama mmoja alikuwa bado anacheka, hajajua. Kwenye kona basi likapanda ukingo wa udongo likalala ubavu. Sisi wa ndani tulivunjika mikono, tulikatwa na vioo, mimi alama yangu unaiona hapa kwenye nyusi. Waliokuwa juu walirushwa pamoja na magunia. Baba yako tulimtoa chini ya maharage.

Msibani alikuja kila mtu. Walisema ni mapenzi ya Mungu. Walisema Simoni alipendwa zaidi. Tajiri alikuja na mchele, akakaa mkekani, akavua kofia, akasema, "Ni kazi ya Mungu, mama, tutafanyaje."

Nikamwambia, "Mungu hakutia fri."

Wakubwa zangu wakanivuta kanga, nyamaza, mfiwa haongei hivyo. Nikanyamaza. Mwanangu, kule kunyamaza ndiko kunakonitia hasira zaidi ya yote. Kwa injini nilikuwa na sauti. Stendi nilisema mpaka nikapigiwa vigelegele. Msibani, mahali ambapo sauti ilitakiwa, nikavutwa kanga nikanyamaza, na mchele nikaupika tukaula.

Tajiri akalinyoosha bati, akalipaka rangi ya kijani, Chotara likarudi barabarani kabla hata sijatoka kwenye msiba. Na watu wakalipanda! Walisema sasa limepona. Mama Furaha ndiye mtu wa kwanza aliyeniuliza swali la maana. Alikuwa ametoka kambini na sabuni zake za kuuza, hatujuani sana bado, tumesimama barabarani hapo, Chotara likapita linapanda kwa mbwembwe, vijana wanalishangilia. Akaniuliza, "Mama Editha, ile bisi fre yake iko namna gani?"

Nikamwambia sijui, breki wanasema zimeangaliwa.

"Nani aliangalia?"

Akatikisa kichwa. "Kwetu kule milima ya Uvira, bisi ikikuya mupya, watu wanauliza fre kwanza. Moteri njo wanauliza nyuma. Moteri ikikufa, unalala njiani. Fre ikikufa, unalala wapi?"

Nilikaa chini pale pale barabarani nikalia. Siyo kwa sababu ya maneno yake. Ni kwa sababu baba yako alikuwa ameshaniambia hayo hayo, amekaa juu ya gogo, na mimi nikamjibu habari ya wali na jiwe.

Utaniuliza kwa nini basi nakupandisha. Nimetafuta, Editha. Malori ya misaada hayachukui watu, nimeomba dereva mmoja akaniambia atafukuzwa kazi. Baiskeli na sanduku kwa umbali ule, haiwezekani. Basi jingine lipo la katikati ya wiki, na siku hiyo hujui kama litakuja au limekufa huko Kasulu, na nafasi yako shuleni ikichelewa watampa mwingine. Katika darasa lenu lote mmechaguliwa wawili. Siwezi kukukalisha hapa uchambue maharage na mimi kwa sababu ya basi la mtu. Nikikukalisha, Tajiri atakuwa amemchukua baba yako na wewe pia.

Leo baada ya kanisa Chotara lilipita kwenda Kasulu, kesho ndilo linarudi kukuchukua. Lilisimama hapa abiria wapate kula. Nikaenda pale mgahawani. Madaraka alikuwa anakula ugali na migebuka, konda pembeni na chai. Tangu msiba sijawahi kuongea naye. Ananiona barabarani anatazama kando. Nikavuta kiti nikakaa.

"Kesho mwanangu anapanda gari lako."

Akaacha kutafuna. "Karibuni sana. Nitamweka mbele, aone barabara."

"Simtaki mbele. Nataka ukifika juu ya Shukawote usimame. Ungoje upepo. Abiria washuke, wateremke kwa miguu. Wewe uteremke na bati lako tupu, gia ya kwanza, mpaka chini."

Konda akacheka mpaka chai ikamtokea puani. "Mama Editha! Umeona wapi abiria anashushwa eti gari linateremka? Tutachekwa mpaka Kibondo. Gari lenye injini kama ile!"

"Sijaona mahali. Ndiyo maana mimi ni mjane."

Konda akashika kikombe chake. Madaraka akasema taratibu, anatazama samaki, "Mama Editha, mimi nimeajiriwa. Dizeli anapima Tajiri. Nikiteremka na gia haitoshi, nikichelewa ananiuliza, nikisimama bila sababu konda anamwambia."

"Mimi?" konda akaruka.

"Wewe. Si unamwambia?"

Konda akatoka nje kutafuta abiria. Tukabaki wawili. Na hapo nikaona kitu ambacho hasira yangu ilikuwa hainioneshi. Madaraka alikuwa amemega tonge, analifinyanga na kulifinyanga, halifiki mdomoni. Huyu mtu anateremka kona ile kila wiki. Kila wiki. Nilitaka kumchukia, na bado namchukia nusu, yeye ndiye aliyetia fri. Lakini ndiye aliyeinua mguu pia, na sisi ndio tuliocheka.

Akasema kwa sauti ya chini, "Mimi peke yangu siwezi kusimama pale. Ila kukiwa na kitu barabarani, nitasimama. Dereva yeyote anasimama. Hapo hakuna wa kuniuliza."

"Kitu gani?"

"Sijui, mama. Mti umeanguka. Gogo."

Tukatazamana. Sikumuaga. Nilitoka nikaenda moja kwa moja mpaka juu mlimani kwa akina mama wa viazi. Nimerudi jua linazama, ndiyo maana umenikuta nachechemea ukaniuliza nimejikwaa wapi. Wale kina mama, nilipowaeleza, mmoja akasema, "Tangu mlete injini yenu hatujauza kiazi." Halafu akasema, "Tutakuwepo. Na mabeseni."

Kwa hiyo mwanangu, ukimaliza kusoma hapa, tazama karibu na mafiga. Kigoda chako cha ugali hakipo. Nimekiosha masizi, nimekitia kamba mpya.

Kesho Chotara litapanda Shukawote vizuri. Litanguruma, watu watasifu, labda wataimba. Imba na wewe kama unapenda, wimbo hauna kosa. Lakini sikio lako moja liache juu ya paa. Siku zingine, huko shuleni na huko mbele ambako mimi sitakuwepo, utakuwa ndani ya kitu kinachokwenda vizuri, wote wamefurahi, na mtu mmoja anagonga bati. Pengine atakuwa mtu unayemzoea, mtu wa nyumbani, mwenye nguo mbaya. Mimi nilicheka. Sitaki kukwambia zaidi ya hapo.

Gari litapunguza mwendo kileleni na kusimama. Konda ataanza kelele, nani ameweka kitu barabarani, toeni, tunachelewa. Abiria watatukana. Hakuna atakayetaka kushuka, kwa sababu mlima umeshapandwa na viti vina joto. Wewe usingoje mtu. Simama, piga bati kwa kiganja kama konda wa zamani, na useme kwa sauti yako yote, "Shuka wote!" Sauti unayo, nimeisikia jioni nzima hapo kwa jirani. Watakucheka. Wacheke. Atashuka mmoja, labda mwenye mtoto, labda yule mzee wa tumbaku na viatu vyake, na wa pili atamfuata wa kwanza. Na wasiposhuka, shuka wewe. Mimi sitaliondoa gogo mpaka wewe uwe chini.

Utanikuta hapo hapo katikati ya barabara. Nitatoka hapa kabla hujaamka, ndiyo maana nimekuandikia. Usije ukanikumbatia kwanza, tuna kazi. Tutaliacha gari litangulie, tupu, kwa gia ya kwanza, na sisi nyuma yake kwa miguu, mimi na gogo, na wewe ncha ya kamba. Umekuwa mrefu kunipita, itabidi uinamishe mkono kidogo. Tutapita ile kona. Sitaki uipite umekaa.

Kuagana tutaagania chini.

Mama yako